Bili ya intaneti ya 2015 imefufuliwa, wakusanya madeni wanatishia kuleta madalali

Mkaazi_Thika:
Wadau, naomba ushauri. Bili ya mwisho ya intaneti ya ofisi, sh. 38,400, ilifaa kulipwa Septemba 2015, ikabaki hivyo. Sasa kuna kampuni inasema imelinunua deni hilo, eti limefika sh. 112,000, na nisipolipa kufikia Ijumaa watatuma madalali. Wamempigia hata dada yangu. Wanasema nikituma sh. 2,000 za "kuonyesha nia njema" wataniongezea muda. Nitume?

Kifungu_cha_4:
Usitume hata shilingi moja, ndugu. Hizo 2,000 ndizo mtego wenyewe. Kwa Kenya, Sura ya 22 ya sheria, ile ya ukomo wa muda wa kufungua kesi, inampa mdai wa deni la mkataba miaka 6 kwenda mahakamani, tangu siku malipo yalipofaa kufanywa. Yako iliisha Septemba 2021. Deni likiuzwa, hesabu haianzi upya, anayelinunua analichukua na umri wake. Kinachoirudisha mwanzo ni kifungu cha 23: kulipa sehemu, au kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi. Hata ujumbe wa WhatsApp wa "nitalipa mwisho wa mwezi" usiandike, maana wakili wao atajaribu kuutumia.

Mkaazi_Thika:
Na madalali je? Kuna vitu vya watu ofisini.

Masjala:
Hii si kodi ya nyumba wala mkopo wenye dhamana, kwa hiyo dalali hawezi kuja na bili mkononi. Lazima kwanza kuwe na hukumu, kisha mahakama itoe waranti, yaani amri ya kukamata mali. Akija, anaorodhesha mali kwenye fomu, anakuachia nakala na siku 7 za kukomboa. Waulize swali moja tu: kesi nambari ngapi, mahakama gani?

Wakikupa nambari, usipuuze. Nenda masjala ya mahakama hiyo ukakague faili, hasa hati ya kiapo inayosema samansi (wito wa mahakama) ilipelekwa wapi. Watu wengi huhukumiwa bila kujua kwa sababu samansi ilipelekwa ofisi waliyokwisha kuhama. Hukumu hudumu miaka 12, na hapo hoja ya miaka 6 haikufai tena. Utahitaji wakili aombe itenguliwe.

Bi_Karani:
Wajibu mara moja, kwa barua pepe, bila neno "deni langu". Mfano:

"Nimepokea madai yenu. Siyakubali. Nitumieni nakala ya mkataba, bili yenyewe, hati ya kuuziwa deni, na mchanganuo wa nyongeza zote. Barua hii si kukiri deni lolote. Wasilianeni nami kwa maandishi tu."

Huo mchanganuo udai kwa nguvu. Toka 38,400 hadi 112,000 ni 73,600 za nyongeza, na kama mkataba hautaji riba wala ada za ukusanyaji, wana kazi ngumu ya kuzieleza.

Kifungu_cha_4:
Naongeza: samansi ikija kweli, jibu ndani ya siku zilizoandikwa humo hata kama deni ni la kale. Utetezi wa muda kupita lazima uutaje wewe kwenye majibu yako. Ukikaa kimya, hukumu inaweza kutoka dhidi yako kwa deni ambalo ungelishinda.

Faragha_Kwanza:
Kuhusu dada yako: kama hakuwa mdhamini, hawakuwa na sababu ya kumweleza mambo yako. Tunza ujumbe, nambari, tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data chini ya sheria ya 2019. Malalamiko yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90. Dada naye ana haki ya kulalamika kivyake.

Masjala:
Na kama dhamiri inakutuma ulipe, ni sawa, deni halifutiki kwa kupitwa na muda. Ila lipa kwa mpigo mmoja, kiasi mlichokubaliana, baada ya kupata barua yao yenye sahihi isemayo hayo ni malipo kamili na ya mwisho. Pesa iende kwenye akaunti ya kampuni. Ukipewa nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi, achana nao.

Mkaazi_Thika:
Asanteni sana. Barua ya Bi Karani naituma leo, na nambari ya kesi nawauliza humo humo.