Pikipiki ya safari cc 650: asubuhi iko sawa, ikipata joto betri inaisha na injini inazima

Nyegezi650

Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya safari ya cc 650, silinda mbili, mafuta kwa injekta, ya mwaka 2009, imetembea kilomita 61,000. Asubuhi selfu inapiga mara moja tu na inawaka. Kutoka Nyegezi hadi Usagara haina neno. Baada ya dakika 40 hivi za mwendo, hasa jua likiwa kali, taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) inawaka na kubaki, mshale wa mizunguko unarukaruka, taa ya mbele inafifia, halafu injini inazima. Hapo selfu inatoa "tek tek" basi. Ikikaa kivulini nusu saa inawaka tena, inasogea kidogo, inazima.

Betri ni YTX12-BS, ina miezi miwili. Taa za mbele ni LED, zimewekwa ili kuupunguzia umeme mzigo. Zipo pia spotilaiti mbili za halojeni, wati 35 kila moja, na chaja ya simu. Fundi mmoja anasema koili ya magneti imeungua, mwingine anasema regulata, na kila mmoja anataka ninunue kifaa kwanza. Wiki ijayo nina safari ya Bukoba. Nianzie wapi?

FundiWaya_Buhongwa

Mkuu, usinunue kitu bado. Tafuta multimita, hata ya bei ndogo. Kwa dalili hizo mfumo wa chaji ndio mshukiwa wa kwanza, na mfumo wenyewe una vitu vitatu tu: koili ya magneti inayozalisha umeme wa AC, regulata inayougeuza kuwa DC wa betri na kuzuia volti zisizidi, na waya za kupeleka umeme kwenye betri. Mafundi wengi wanabishana juu ya viwili vya kwanza na kusahau cha tatu, na hapo ndipo hela za watu zinapotea.

Anza na betri ikiwa imelala usiku kucha. Iliyojaa inasoma volti 12.7 au 12.8. Ikiwa 12.4 au chini, ijaze kwanza kwa chaja ndogo ya ampea 1 kwa saa nane hadi kumi. Usiipeleke kwenye chaja kubwa za gereji za malori, betri yako ya ampea-saa 10 itapikwa ndani. Kisha mwenzako apige selfu wewe ukitazama mita: isishuke chini ya volti 10. Ikishuka, betri yenyewe ina walakini hata kama ni mpya, na vipimo vingine vyote vitakudanganya.

Washa injini, weka mita kwenye vichwa vya betri, panda hadi mizunguko 5,000 kwa dakika. Unataka kati ya 13.8 na 14.6. Fanya hivyo ikiwa baridi, rudia ikiwa imechemka kama siku inapozima. Kwako hicho cha pili ndicho chenye maana, kwa sababu kipimo cha gereji asubuhi kitakuambia kila kitu kiko sawa.

Halafu nenda kwenye regulata: ni kile kipande cha alumini chenye mapezi, kimefungwa kwenye fremu. Utaona waya tatu za rangi moja zinazotoka kwenye injini. Zima, chomoa soketi yake, geuza mita kwenye volti za AC, washa, panda 5,000. Pima ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Kwa pikipiki za ukubwa huu tarajia volti 60 au zaidi, na la muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba zote tatu zilingane. Jozi moja ikisoma 25 wakati nyingine ziko 65, koili imekufa. Zima tena, weka mita kwenye ohmu, gusa kila waya mmoja na chuma cha injini: isisome chochote. Ikisoma, ngozi ya waya imeungua na inashika bodi. Usihangaike kupima ohmu kati ya waya na waya. Zinakuwa chini ya ohmu 1, na waya za mita yenyewe zinakula karibu nusu ya hapo.

Kipimo cha mwisho watu hawakifanyi. Rudisha soketi, mita kwenye volti za DC, mguu mwekundu kwenye waya chanya unaotoka regulata, mweusi kwenye chanya ya betri. Injini ikiwa 5,000 isome 0.2 au chini. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Hicho ndicho kiasi cha volti kinachopotelea njiani.

MzeeWaKirumba

Vijana wangu, nakubaliana na Fundi. Naongeza viwili ambavyo vinazima pikipiki ikipata joto na vinafanana na umeme.

Kwanza pumzi ya tangi. Mpira mwembamba unaotoa hewa kwenye tangi huziba kwa udongo au nyigu huujengea. Tangi likikosa hewa, pampu inavuta hadi inashindwa. Ikizima, fungua mfuniko wa mafuta: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na pikipiki ikawaka hapo hapo, umepata ugonjwa. Lakini kwa huyu bwana taa zinafifia na selfu inagoma, kwa hiyo sidhani kama ndio chanzo. Kagua tu kwa kuwa ni kazi ya dakika mbili.

Pili, rejeta. Sisi wa kando ya ziwa tuna wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi kutoka majini. Ukipita katikati yao jioni wanajaa kwenye mapezi ya rejeta, wanakauka, wanakuwa kama gundi. Feni inaanza kuzunguka muda wote, na feni hiyo inakula ampea 4 hadi 5. Loweka kwa maji ya sabuni, subiri robo saa, kisha mwagia maji ya bomba ya kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele. Ile mashine ya presha ya waosha magari weka mbali, inalaza mapezi na hayanyooki tena vizuri.

Halafu kuna hili. Enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi pikipiki ilizimwa na kupumzika kabla ya kuendelea. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unaunganisha moja kwa moja hadi Sengerema, na regulata dhaifu iliyokuwa ikipata nafasi ya kupoa pale haipati tena.

Nyegezi650

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Fundi, vipimo hivi hapa.

Betri asubuhi 12.7, wakati wa selfu 10.9. Ikiwa baridi kwa 5,000 betri inasoma 13.3. Ikichemka, 12.2 na inaendelea kushuka.

AC baridi: 68, 67, 68. AC ikiwa moto: 66, 66, 65. Hakuna waya unaoshika bodi.

Upotevu upande wa chanya ikiwa baridi ni 0.9, ikichemka ni 0.3. Upande wa hasi 0.1 muda wote. Soketi ya regulata upande wa kutokea, plastiki imekuwa kahawia na pini moja ni nyeusi. Pumzi ya tangi iko wazi. Rejeta ilikuwa imejaa wadudu kweli, nimeiosha.

Je, kwa kuwa ikichemka upotevu unashuka hadi 0.3, ina maana soketi si tatizo?

FundiWaya_Buhongwa

Kazi safi mkuu. Koili yako ni nzima, aliyetaka uinunue alikuwa anakupeleka kwenye gharama ya kufungua kava la injini, kumwaga oili na kununua gasketi mpya bure.

Upotevu umeshuka ikichemka kwa sababu mkondo wenyewe umepungua. Soketi haijapona. Volti inayopotea kwenye kiungo kibovu inafuata ampea zinazopita: zikipita nyingi unapoteza 0.9, zikipita chache unapoteza 0.3. Sasa fanya hesabu. Ikiwa baridi, betri 13.3 jumlisha 0.9, maana yake regulata inatoa 14.2, iko sawa kabisa, soketi ndiyo inayoiba. Ikichemka, betri 12.2 jumlisha 0.3, regulata inatoa 12.5 tu huku koili ikileta AC nzuri. Hapo regulata yenyewe inaanguka kwa joto. Una magonjwa mawili, na inaelekea la kwanza limechangia la pili, kwa sababu pini iliyoungua inapasha moto waya na regulata iliyo karibu nayo.

Kuhusu zile LED. Regulata za aina ya zamani, ambazo ndizo zilizokuja na pikipiki nyingi za miaka hiyo, haziipunguzii koili kazi. Koili inazalisha inavyozalisha kulingana na mizunguko, na umeme usiotumika regulata inaupiga shoti kurudi kwenye koili. Kwa hiyo ukipunguza mzigo wa taa, regulata ndiyo inayobeba zaidi na kuchemka zaidi. LED ni nzuri kwa mwanga, na zitakufaa siku chaji ikifa barabarani, lakini kwa regulata ya aina hii hazileti nafuu uliyoitarajia.

Ndiyo maana nakushauri usirudishie ya aina ile ile. Weka ya mfumo wa kufungua na kufunga njia, kama Shindengen SH775. Hiyo umeme usipohitajika inakata njia badala ya kupiga shoti, hivyo koili na regulata vyote vinapoa. Uwezo wake ni ampea 35, unakutosha na kubaki.

Mkolani_Enduro

Nakazia hapo kwenye kununua. Usikubali kufungiwa regulata ya bodaboda eti "zote ni volti 12". Zile ni za fezi moja na koili ndogo; yako ni fezi tatu, ndizo zile waya tatu za koili. Na kopi za SH775 zipo nyingi. Namba iliyochongwa vizuri kwenye alumini haitoshi kuwa ushahidi, ushahidi ni kuisoma ikiwa moto baada ya saa nzima ya mwendo.

Kwenye kufunga, waya wa milimita za mraba 4 kwa chanya na hasi, urefu mfupi kadiri iwezekanavyo. Chanya inapita fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, kisha moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Hasi nayo moja kwa moja kwenye betri, usiifunge kwenye fremu yenye rangi na kutu. Zile tatu za koili hazina mpangilio, yoyote inakaa popote. Soketi iliyoungua ikate uitupe, usikwangue pini kwa msasa ukarudishia. Bana viungo kwa koleo la lagi (vichwa vya chuma vya waya), funika kwa mpira unaobana ukipashwa moto. Tepu nyeusi peke yake kwenye joto la injini inayeyuka gundi na kuachia ndani ya wiki chache.

Angalizo moja kubwa: ule waya wa chanya wa zamani unaobaki kwenye waya za pikipiki bado una umeme wa betri hata baada ya kukata regulata. Ukiuacha unaning'inia, siku utakapogusa fremu utakuwa na moto chini ya siti. Ufunike ncha na kuufunga mbali na chuma.

Regulata ikae pale upepo unapopita, isiwe nyuma ya rejeta wala karibu na salensa.

Nyegezi650

Nimewaelewa wakuu. Swali la mwisho: taa ya ABS itazimika yenyewe au inahitaji kompyuta? Na ikitokea chaji imekufa nikiwa njiani nifanyeje?

FundiWaya_Buhongwa

ABS ilijizima kwa sababu volti zilishuka chini ya zile inazohitaji. Breki zenyewe zinafanya kazi kama kawaida, ila tairi linaweza kujifunga ukikamata kwa nguvu. Volti zikirudi, zima swichi, washa, tembea mita chache, kwa kawaida taa inaondoka yenyewe. Ikigoma wakati betri inasoma juu ya 13.8, hapo ndipo uangalie sensa za magurudumu na uchafu kwenye pete zake.

Njiani, ukiona volti zinashuka, usizime injini. Selfu moja inaweza kumaliza kilichobaki. Ukiwa mchana chomoa fyuzi ya taa za mbele, zima spotilaiti na chaja ya simu. Pampu, plagi na kompyuta ya injini zitakula betri peke yao, na betri ya ampea-saa 10 ikiwa imejaa hesabu nusu saa hadi saa moja. Epuka foleni ili feni isiwake. Usiku usifanye hivyo, simama penye watu.

Nunua kijimita kidogo cha volti cha kufunga kwenye usukani, ukiunganishe kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwa imewashwa tu. Ukishafunga regulata mpya, usiende Bukoba moja kwa moja. Nenda Sengerema na kurudi mchana wa jua, spotilaiti zikiwa zimewashwa. Unataka kuona 14.0 au zaidi ukiwa mwendoni, na upotevu wa chanya usizidi 0.2. Baada ya hapo shika waya na viungo kwa mkono: uvuguvugu sawa, lakini kiungo kinachokuchoma vidole kirudiwe. Na siku ya safari yenyewe, ukifika Geita ukakuta mita iko chini ya 13.5 kwa mizunguko 5,000, geuza urudi Mwanza. Kutoka hapo kwenda Bwanga na Muleba ni mbali kwa pikipiki inayoishi kwa betri.