Korea Kusini walitajirika kwa sababu ya kuokoka? Mi nakataa, njooni tujadili

Mleta mada:
Wakuu habari za jumapili. Kuna kauli nimeisikia mpaka imenichosha, redioni, kanisani, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba eti Korea Kusini miaka ya 60 walikuwa hohehahe kama sisi, wakaamua kumpokea Yesu, wakajaza makanisa, wakakesha kwenye milima ya maombi, Mungu akawapa Samsung na Hyundai. Ikishasemwa hiyo kikapu cha sadaka kinapita. Sina ugomvi na Yesu wala na sadaka, ila hii historia imepinda.

Tuanze na Pyongyang, ndio, hiyo hiyo Pyongyang ya kwa Kim, mji mkuu wa Korea Kaskazini. Mji uliokuwa umewaka moto wa injili kuliko yote Korea haukuwa Seoul, ulikuwa Pyongyang, wamisionari wenyewe waliuita Yerusalemu ya Mashariki. Januari 1907 pale kanisa la Jangdaehyun ulilipuka uamsho, watu wanalia usiku, wanakiri dhambi hadharani, mzee wa kanisa Gil Seon-ju akasimama mbele za watu akasema rafiki yangu alipofariki aliniachia mali yake niisimamie na mimi nikala hela. Wenye bibi zao walioimba Tukutendereza wanaujua moto wa namna hiyo. Hata Kim Il-sung mwenyewe, mwanzilishi wa Korea Kaskazini, mama yake Kang Pan-sok alikuwa mpresbiteri na baba yake alisoma shule ya wamisionari. Sasa kama maombi ndo yanaleta viwanda vya magari na simu, mbona Pyongyang walioomba zaidi hawana, na wa kusini waliochelewa kuomba ndo wanavyo?

Upande wa pili angalia Taiwan na Japani. Wakristo huko ni wa kutafuta na tochi, na hela wanazo. Afu angalia Ufilipino, wakatoliki tangu karne ya 16, na miaka ya 50 walikuwa wanamzidi Mkorea kipato. Leo mnajua wenyewe.

Utajiri wa Korea una sababu zinazoonekana kwa macho. Mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1948 mpaka 1950, mashamba ya Wajapani na ya mabwanyenye yakagawiwa kwa wakulima, hakuna kumiliki zaidi ya kama hekta 3. Misaada ya Marekani. Mwaka 1965 wakasaini mkataba na Japani wakapata dola milioni 300 za bure na milioni 200 za mkopo. Wakapeleka askari zaidi ya laki 3 vitani Vietnam kwa miaka tofauti na Marekani akalipa. Wakapeleka wachimba migodi na manesi Ujerumani Magharibi. Na mabinti wa vijijini wakashona nguo viwandani Seoul mpaka mapafu yakaharibika kwa vumbi. Park Chung-hee, mwanajeshi aliyekuwa rais enzi hizo, alikuwa hacheki na mtu.

Hoja yangu ni hii: makanisa hayakujenga viwanda, viwanda ndo vilijaza makanisa. Na Ukristo wenyewe ulipenya kule kwa sababu ambayo haihusiani na hela kabisa, ni kwa sababu aliyewatawala hakuwa mzungu. Wamisionari Underwood na Appenzeller walishuka bandarini Incheon siku ya Pasaka, 5 Aprili 1885. Mwaka huo huo Februari Carl Peters alikuwa ameshapewa hati na Kaiza ya kuchukua nchi yetu, Tanganyika. Kwetu msalaba na bendera vilishuka karibu pamoja. Kwao bendera ilikuja 1910 na ilikuwa ya Mjapani, anayetaka wakaiinamie miungu yake ya Shinto. Kwahiyo Mkorea akiwa mkristo hakuonekana kibaraka wa mkoloni. Machi 1, 1919 lilipotoka tangazo la uhuru waliosaini ni 33, wakristo 16, wakati wakristo nchi nzima walikuwa kama wawili tu kwa kila watu mia. Mwezi uliofuata askari wa Kijapani wakafungia watu ndani ya kanisa kijiji cha Jeam-ri, wakapiga risasi wakachoma moto, wakafa karibu 30. Baada ya hapo nani atamwambia Mkorea kwamba hii ni dini ya wageni?

Karibuni, matusi muache nje.

Mlokole Original:
Umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu aliyekosana na mchungaji wake. Unataja ardhi, unataja dola, hutaji waliofundisha hao watu kusoma. Nani alifungua shule ya wasichana Seoul mwaka 1886? Mama mmisionari, Mary Scranton, na alianza na mwanafunzi mmoja tu maana hakuna mzazi aliyetaka binti yake asome, leo ni chuo kikuu cha Ewha. Nani alileta hospitali ya kizungu? Horace Allen, daktari wa misheni, aliyemtibu Min Yeong-ik ndugu wa malkia alipokatwa mapanga kwenye mapinduzi ya Desemba 1884, mfalme akafurahi, 1885 hospitali ikafunguliwa. Biblia je? Wasomi wa Korea walikuwa wanaidharau hangul, alfabeti ya Kikorea, wanaona ni maandishi ya wanawake na watu wa chini, wao wanaandika kichina. Ni mmisionari John Ross kule Manchuria na wasaidizi wake Wakorea waliotoa Luka kwa hangul 1882 na Agano Jipya lote 1887. Mama wa kijijini akajifunza kusoma ili asome Biblia. Sasa hao watu wanaosoma ndo walioingia viwandani, au unafikiri kiwanda kinaendeshwa na mageuzi ya ardhi?

Na jingine, mwaka 1890 mmisionari John Nevius alitoka China akawashauri wale wamisionari vijana: msiwalipe wachungaji wa kienyeji hela za ng'ambo, kanisa lijenge lenyewe, lijilipe lenyewe, lijihubirie lenyewe. Wakashika hilo. Nidhamu ya kujitegemea ilianzia kanisani miaka 70 kabla ya Park. Hilo hulioni?

Mkatoliki wa Bukoba:
Nyie wote wawili mnaanza 1885, kama kawaida yenu, sisi hatupo 😂

Kanisa Korea lilianza na walei, halikuanzishwa na mmisionari yeyote. Wasomi wa Kikorea walikuwa wanasoma vitabu vya kichina vilivyoandikwa na Majesuiti wa Beijing, wanajadiliana, mwisho mwenzao Yi Seung-hun akaenda Beijing na msafara wa kibalozi akabatizwa 1784, akarudi akabatiza wenzake. Wakateua mapadri wao wenyewe wakawa wanaadhimisha misa bila upadrisho mpaka Beijing wakawaambia jamani acheni hiyo hairuhusiwi, nao wakaacha, wakasubiri padri. Alikuja Mchina, Zhou Wenmo, aliyeuawa 1801.

Na damu ilimwagika. 1791 Yun Ji-chung alikatwa kichwa kwa kuchoma vibao vya mizimu ya ukoo na kukataa matambiko mama yake alipofariki, na kwenye utawala wa Kikonfusio hilo ni kama uhaini. Wakauawa wengine 1801 na 1839, na 1846 akauawa Kim Dae-geon, padri wa kwanza Mkorea, ana miaka 25. 1866 ndo ilikuwa balaa, inakadiriwa waliouawa walifika 8,000. Sisi tunaoenda Namugongo kwa mashahidi wa Uganda kila Juni 3 tunaelewa. Papa Yohane Paulo wa Pili alitangaza watakatifu 103 palepale Seoul mwaka 1984.

Kwahiyo mleta mada hiyo nadharia yako ya Mjapani inaelezaje hii miaka mia ya kwanza? Mjapani hakuwepo.

Mleta mada:
Mkuu wa Bukoba hoja nzito, lakini hiyo miaka mia inanisaidia mimi. Baada ya miaka mia wakatoliki walikuwa wangapi? Wachache, wamejificha mabondeni milimani wanafinyanga mitungi wauze, maana mfinyanzi anahamahama na hakuna anayemuuliza katokea wapi. Na kwa nini serikali iliwaogopa hivyo? Soma barua ya Hwang Sa-yong ya 1801, kaandika kwenye kitambaa cha hariri akijificha pangoni, anaomba meli za kivita za wazungu zije ziibane Korea iruhusu dini. Barua ikakamatwa. Hapo kila mkatoliki akawa msaliti wa nchi, hata ambaye hajui hariri ikoje. Na 1866 mapadri Wafaransa walipouawa manowari za Ufaransa zikaja kweli, zikapiga kisiwa cha Ganghwa. Msalaba ukija na meli za mtu watu wanaukimbia, ukija kabla ya meli za adui mwingine watu wanaukimbilia. Ni kitu kile kile ninachosema.

Mlokole, shule nakubali kabisa, sikuitaja kwa sababu posti ilishakuwa ndefu. Ila shule hizo zilikuwa nyingi zaidi kaskazini ujue, Soongsil ilianzia Pyongyang 1897. Turudi pale pale.

Haki Bila Chumvi:
Mnapamba sana. Mleta mada unasema kanisa lilisimama na taifa dhidi ya Mjapani, sema na hili basi: Septemba 1938 mkutano mkuu wa wapresbiteri, Pyongyang, polisi wamejaa ukumbini, ulipitisha kwamba kuinama kwenye hekalu la Shinto ni uzalendo tu sio ibada. Roma walishalegeza miaka miwili kabla. Waliokataa walifungwa, mchungaji Ju Gi-cheol alifia gerezani 1944, na uongozi wa juu wa kanisa lake mwenyewe ulikuwa umeshainama. Baada ya vita kila mtu akawa shujaa.

Halafu hamjataja Jeju. Wakristo waliokimbia wakomunisti kaskazini baada ya 1945 walishuka kusini wamepoteza ardhi, ndugu, makanisa, wana hasira ambayo siwalaumu. Kanisa la Youngnak pale Seoul lilianzishwa na wakimbizi hao. Vijana wengi wa kaskazini, wakiwemo wa makanisa, wakaingia kikundi cha Seobuk cha vijana wapinga ukomunisti, na serikali ikawatumia kuzima uasi kisiwani Jeju kuanzia 1948. Waliouawa kule inakadiriwa ni elfu 25 hadi 30, wengi wanakijiji wa kawaida. Rais alikuwa Syngman Rhee, mmethodisti safi. Huo nao ni ukuaji wa Ukristo Korea, au tunahesabu uamsho tu?

Dada Msomaji:
Kwahiyo sadaka nitoe au nisitoe jamani, nijibuni nna haraka

Mbeba Boksi Daejeon:
Mimi nasoma huku Korea mwaka wa tatu huu. Wengine mnajadili nchi ambayo haipo. Sensa ya 2015: wasio na dini yoyote 56%, waprotestanti 19.7, wabudha 15.5, wakatoliki 7.9. Hiyo ndo "nchi ya kikristo" mnayohubiriwa. Usiku ukipanda juu ya ghorofa unaona misalaba ya taa nyekundu kila kona, ukiingia jumapili unakuta wazee. Vijana niliosoma nao wengi wanakwambia bibi yangu anasali.

Ila mleta mada yuko sahihi kwenye viwanda na nataka nimwongezee nyama. Mchungaji Yonggi Cho alianza kanisa lake 1958 na hema kwenye kitongoji cha maskini pembeni ya Seoul. Seoul ilikuwa inafurika watu kutoka vijijini, wameacha ukoo, wameacha makaburi ya babu zao, hawamjui jirani. Yeye akagawa waumini kwenye vikundi vidogo vya majumbani na akawapa wanawake uongozi, kitu ambacho wanaume wa Kikorea enzi hizo walikiona kichekesho. Binti wa kiwandani akiumwa kuna watu kumi wanaojua. Kanisa likawa kubwa kuliko yote duniani. Mahubiri yake ni roho, afya na mfuko, na mfuko wa kila mtu kweli ulikuwa unapanda mwaka hadi mwaka kwa sababu uchumi wote ulikuwa unapanda, kwahiyo kila ushuhuda ulikuwa wa kweli! Uchumi ulipopoa na ushuhuda ukapoa. 2014 mahakama ikamtia hatiani kwa kulitia kanisa hasara ya mabilioni ya won kwenye dili la hisa za mwanae, akapewa kifungo cha nje. Watu huku hawajasahau.

Mlokole Original:
Sawa, Taiwan na Ufilipino sina jibu la haraka, nakiri mmenibana hapo. Ila hamjamaliza. Korea ya leo sio simu na magari tu, ni nchi ambayo raia wanamtoa rais madarakani kwa sheria. Hiyo ilitoka wapi? Jeon Tae-il, fundi cherehani wa miaka 22, alijichoma moto Novemba 13, 1970 soko la Pyeonghwa akiwa ameshika kitabu cha sheria ya kazi, huyo alikuwa mkristo. Wachungaji wa misheni ya viwandani walioenda kufanya kazi na wafanyakazi wakafungwa na Park, walikuwa wakristo. Juni 1987 wanafunzi walikimbilia kanisa kuu la Myeongdong, polisi wanataka kuingia, Kadinali Kim Sou-hwan akawaambia mkiingia mtanikuta mimi mbele, nyuma yangu mapadri, nyuma ya mapadri masista, ndipo mtawapata wanafunzi. Hawakuingia. Mwisho wa mwezi huo serikali ikakubali uchaguzi wa moja kwa moja. Mageuzi ya ardhi yako hayakufanya hivyo.

Mleta mada:
Hapo mkuu sikupingi hata neno moja, na Haki Bila Chumvi naye akubali kwamba waliotumikia Rhee na waliomkatalia Park wote walikuwa wanasoma Biblia ile ile. Nilichobishia mimi ni viwanda. Lakini umejichongea: hao wanaotuhubiria Korea kila jumapili huwa wanaishia kwenye milima ya maombi na majengo marefu. Nitajie mahubiri hata moja uliyowahi kusikia hapa kwetu yaliyomtaja Jeon Tae-il au Myeongdong.

Mlokole Original:
Nipe mpaka jumatano, kuna mwinjilisti namuuliza.

Mkatoliki wa Bukoba:
Jumatano ya mwaka gani 😂