Mafunzo yapo, lakini kila mradi tunaanza upya: tufanyeje?

Mhandisi wa Mbarara: Wadau, salaam. Kampuni yetu inajenga barabara za wilaya. Mradi wa sasa unataka tuimarishe moramu (udongo wa changarawe wa barabara) kwa saruji, na mshauri kutoka nje yupo kwa miezi minne tu. Tukipeleka watu semina Kampala, wanarudi na cheti, kazi inabaki ileile. Akiondoka, ujuzi utabakije?

Fundi Maabara: Ndugu, msianze na saruji. Asiyeweza kusoma matokeo ya vipimo vya udongo hatamwuliza mshauri swali la maana. Watafiti Cohen na Levinthal walilieleza mwaka 1990: kampuni hunyonya maarifa mapya kwa kadiri ya yale iliyo nayo tayari. Kwa hiyo kwanza wasimamizi wa zamu wapime unyevu, ulaini na msongamano wa moramu yenu wenyewe. Kisha watengeneze sampuli za saruji asilimia 2, 3 na 4 ya uzito wa udongo mkavu, zikae siku 7, wazivunje kupima nguvu. Mikono iwe yao, mshauri aangalie. Site, kinachoharibu sana ni muda. Saruji ikishalowa, ushindiliaji uishe ndani ya saa mbili hivi. Ukichelewa, rola linavunja kile kilichoanza kushikana, na nguvu hiyo hairudi. Greda na boza la maji visipokuwa tayari kabla ya kumwaga mfuko wa kwanza, semina haisaidii.

Dada Rasilimali Watu, Jinja: Sawa kabisa, ila angalieni na fedha. Bajeti ya mafunzo ikikaa ndani ya mradi, meneja huikata mapema, maana faida itavunwa kwenye mradi wa mwenzake. Ibebwe na makao makuu. Ripoti pia msiisubiri mwisho, watu watakuwa wametawanyika. Kila Jumamosi nusu saa: kipande gani cha barabara kimefeli kipimo, kwa nini, tumebadilisha nini. Opareta wa greda awepo! Yeye ndiye huona tatizo kwanza, na ndiye asiyealikwa.

Mhandisi wa Mbarara: Asanteni sana. Na tuliyemfundisha akichukuliwa na mshindani?

Dada Rasilimali Watu, Jinja: Fundisheni wawili wawili, na mkataba wao uvuke hadi mradi unaofuata. Wa kibarua akiisha muda, anaondoka na kila kitu. Cheo kipya kije na mshahara wake.

Fundi Maabara: Kwenye mkataba wa mshauri, malipo ya mwisho yatoke timu yenu ikishamaliza mita 200 za barabara peke yake na vipimo vikapita.