"IKIINGIA INAFAA": huyu fundi atatuua!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye ngazi ndefu na maneno marefu zaidi. Juzi kapanda kwenye taa ya ghalani. Choki, kile kifaa kinachoipimia balbu umeme, imeandikwa wati 400, maandishi yanasomeka hata ukiwa chini. Yeye kachomoa mfukoni balbu ya metali halaidi (zile za gesi zenye mwanga mkali) ya wati 250, anaanza kuizungusha. Namwambia mkuu, wati hazilingani. Akaniangalia kutoka kule juu, AKACHEKA, akasema: "Ikiingia inafaa."

Ikiingia inafaa!

Itaachaje kuingia? Kitako cha 250 na cha 400 ni kilekile, E40! Kwenye taa hizi balbu haijipangii umeme, choki ndiyo inayopanga. Choki ya 400 itaisukuma hiyo 250 kupita uwezo wake mpaka ife. Na kile kityubu cha ndani, hata balbu ikiwa sahihi, kinachemka karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Leo kimepasuka PAAA, vipande vya moto vimetapakaa sakafu nzima, watu wazima tumelala kifudifudi tunasali dini zote. Nampigia simu, anasema balbu za siku hizi mbovu. Mbovu! Mtu aliyenicheka akiwa juu ya ngazi!

Waya Mwekundu: Pole. Ila ngazi nani alikuwa anamshikia? 🤣

Mleta mada: Hilo siyo swali. Alicheka, mkuu. ALICHEKA.

Bi Swichi: Kwa hiyo uliona kosa, akakucheka, ukanyamaza, ukawasha. Hahaha, poleni nyote wawili.

Kapasita Kuukuu: Afadhali yako ilipasuka ukajua. Wa kwangu alifanya kinyume, balbu ya 400 kwenye choki ya 250. Inawaka kinyonge, rangi imepotea, inapepesa usiku kucha. Elektrodi, zile ncha za ndani za kupitisha umeme, hazipati moto wa kutosha, balbu inakufa kabla ya wakati wake. Nikilalamika ananiambia nimebana matumizi.

Fundi Mstaafu: Wati peke yake hazitoshi, vijana. Kwa vifaa vya mfumo wa Kimarekani someni alama: M59 ni metali halaidi 400, M58 ni 250, S51 ni sodiamu 400. M59 na S51 wati ni sawa, na bado hazichangiani choki. Alama ya balbu na ya choki zifanane, basi.

Mleta mada: Asante mzee, kamwambie yeye. "Ikiingia inafaa"!

Giza Totoro: Nyie mna taa zinazopasuka, mimi yangu haijawahi kuwaka. Fundi kaniwekea balbu ya sodiamu kwenye choki isiyo na ignita, yaani kile kifaa cha kuistua iwake, kila nikiuliza ananijibu "subiri ipate moto". Ipate moto kutoka wapi?

Bi Swichi: 🤣🤣 Ignita aliondoka nayo huyo.

Waya Mwekundu: Si mhamie LED tu?

Kapasita Kuukuu: Nani kakudanganya? Shemeji yangu kafungiwa LED ya kuunganishwa moja kwa moja na umeme bila choki, fundi kaacha choki ya zamani humohumo kwenye laini. Imeungua jioni ileile.

Giza Totoro: Fundi gani huyo? Mrefu, ana ngazi?

Kapasita Kuukuu: Hapana, huyu mfupi. Na hela ya LED hajarudisha mpaka leo.

Bi Swichi: Huyo mfupi namdai mimi pia! Njoo inbox.