Tupeane uzoefu: Wazazi ambao watoto wenu waliugua korona au walichanjwa

Habari zenu wakuu. Mwaka 2020 tuliambiwa korona ni ugonjwa wa wazee, watoto haiwahusu. Kirusi kikabadilika, ikaja aina ya Delta, mwishoni mwa 2021 ikaja Omicron, na wengi wetu tukauguza watoto ndani. Wa kwangu alikuwa na mwaka na nusu. Alianza na mafua tu, usiku kikohozi kikageuka, akawa anabweka kama mbwa, na kila akivuta pumzi kifua kinabonyea chini ya mbavu. Daktari alitueleza kuwa Omicron inashambulia zaidi njia za juu za hewa, na za mtoto mdogo ni nyembamba, zikivimba kidogo tu anakosa pumzi. Akapewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kufikia asubuhi alikuwa ananyonya.

Naomba tuandike tuliyoyaona wenyewe. Waliochanja nao waseme ilikuwaje.

Mama Kijana, Nairobi
Hamjambo. Serikali iliporuhusu chanjo ya Pfizer kwa miaka 15 kwenda juu, mwisho wa 2021, kijana wangu alikuwa na 16. Nilichoogopa ni habari ya moyo. Muuguzi hakunificha: kuvimba kwa misuli ya moyo kupo, ni nadra, huwapata zaidi vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, na wengi hupona. Akaniambia kijana akilalamika kifua kinauma au moyo unaenda mbio, nimlete siku hiyo hiyo. Aliumwa mkono na kupata homa usiku, basi. Baadaye aliambukizwa vilevile, akakohoa siku chache akarudi shule. Kwa hiyo wanaosema chanjo haizuii kuambukizwa wana ukweli wao, lakini mimi nilichokuwa nakitafuta ni asilazwe.

babawawili, Dar
Hii niliyoipitia sitaki mzazi mwingine aipitie. Ni kipindi cha Delta, 2021. Nyumba nzima tuliumwa, binti yangu wa miaka 8 akapiga chafya tu yakaisha. Kama mwezi hivi baadaye akapata homa isiyoshuka. Malaria hakuna. Zahanati ya kwanza wakasema taifodi, tukapewa dawa. Macho yakawa mekundu bila tongotongo, midomo ikapasuka, vipele mwilini, tumbo linamuuma mpaka anajikunja. Hospitali nyingine wakaanza kuzungumzia kidole tumbo na upasuaji.

Aliyetuokoa ni daktari kijana aliyeuliza swali moja: "Wiki chache zilizopita kuna mtu nyumbani aliumwa mafua makali?" Tukamweleza. Kipimo cha moyo kikaonyesha unasukuma damu kwa udhaifu. Kumbe kinga ya mwili, baada ya kumaliza kirusi, inaweza kugeuka kuunguza viungo vya mtoto mwenyewe, na hilo hutokea wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hata kama yalikuwa mepesi. Alipewa steroidi na dripu ya kingamwili. Leo anacheza netiboli, Alhamdulillah.

Omicron ilipokuja hali hii ilipungua. Ila utafiti wa Marekani wakati wa Delta, kwa wenye miaka 12 hadi 18, ulionyesha dozi mbili za Pfizer zinamkinga mtoto dhidi ya hali hii kwa asilimia 91. Binti yangu hakuwa na nafasi hiyo, na hilo bado linaniuma.

Mswahili wa Minnesota
Pole sana kaka. Huku Marekani wa miaka 5 hadi 11 waliruhusiwa chanjo mwishoni mwa Oktoba 2021, dozi ya mikrogramu 10, theluthi ya ile ya mtu mzima. Wangu mkubwa alipata. Mdogo alisubiri mpaka Juni 2022, na huo muda wa kusubiri ndio tuliishi kwa wasiwasi. Wote wazima.

Nesi Kanda ya Ziwa
Nyumbani Tanzania chanjo ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021, kwa miaka 18 na kuendelea. Mtoto hakuwemo, kwa hiyo kinga yake ilitegemea watu wazima wanaomzunguka. Ndiyo maana nilikuwa nawasihi wajawazito: mama akichanjwa, kingamwili zinapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na mtoto wa chini ya miezi 6 hana chanjo yake mwenyewe.

Kilichoniumiza zaidi ni kliniki kupungua watu. Kuna mama aliacha kuja kwa hofu kuwa mwanawe atachomwa ya korona kwa siri. Kadi yake ina muhuri mpaka wiki ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 ya surua patupu. Nikamtolea kichupa nje ya boksi, akasoma mwenyewe maandishi ya surua na rubela, ndipo akamshusha mtoto mgongoni. Wako wengi hawakurudi.

Mzee wa Tabata
Na nyungu msiwafukize watoto jamani. Mjukuu wangu sufuria lilimpindukia ndani ya blanketi, korona hakuwa nayo, kovu la mguu analo.

Mama Selimundu
Wanangu wawili, mmoja ana selimundu. Huyo kila homa ni safari ya hospitali. Tulichofanya ni kuchanjwa mimi, baba yake, bibi na dada wa kazi. Nesi, je, kwa sasa watoto wa aina hii wanahesabiwaje?

Nesi Kanda ya Ziwa
Dada yangu, mwongozo wa WHO wa Machi 2023 ulisema mtoto mwenye afya yuko kundi la mwisho, na kila nchi iamue. Mwenye ugonjwa sugu yuko juu yake. Aliyeshuka kinga kabisa, kuanzia miezi 6, yuko kundi la kwanza. Muulize daktari wa kliniki yake ya selimundu, na hakikisha chanjo ya nimonia haijaruka.

Kuna mzazi hapa ana mtoto wa saratani au aliyepandikizwa figo? Atueleze alipata wapi chanjo.