Maktaba za shule: kwa nini vitabu na vifaa vya kidijitali vinafichwa nje ya katalogi?

Wakuu, hili sasa limezidi.

Shule inawekewa seva ndogo (kompyuta inayogawia nyingine masomo bila intaneti) yenye Kolibri, programu ya masomo na mazoezi, na Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti, kompyuta zinapangwa maktabani, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaandika "umeme" kwenye katalogi (orodha ya kutafutia vitabu vya maktaba), anapata vitabu vitatu vya karatasi, vyote vimeazimwa. Majaribio ya sakiti ya PhET (ya kuigiza kwenye kompyuta) yamo ndani ya Kolibri, na yanafunguka kwenye kompyuta hiyohiyo anayoitumia, na hakuna kinachomwambia! Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Vya mtandaoni si mali ya shule, haviingii kwenye rejesta." Rejesta ya mali ni ya mhasibu na mkaguzi. Katalogi ni ya msomaji, imwonyeshe anachoweza kusoma leo.

Wengine wanasema watoto watatafuta Google. Shule ya bweni isiyo na bando, wanafunzi hawaruhusiwi simu, watatafuta na nini?

Na kazi yenyewe si kubwa. Koha ni programu ya bure ya kuendesha katalogi ya maktaba. Kitabu cha kiada ambacho kipo rafuni na pia kinasomeka kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), fungua rekodi yake, nenda sehemu ya 856, ya viungo (namba hizi ni za MARC, muundo wa kuandika rekodi za maktaba), weka viashiria 4 na 1 (4 ni HTTP, yaani anwani ya wavuti, 1 ni toleo jingine la kitabu hicho), anwani iende kisehemu cha $u, na kisehemu cha $y, maneno ya kubofya, kiandikwe "Soma hapa". Basi. Kikanuni, toleo la kidijitali linastahili rekodi yake lenyewe, lakini kwa maktaba yenye mkutubi mmoja, rekodi moja inamfaa mtoto zaidi.

Kisicho na karatasi ndicho kifunguliwe rekodi mpya: 856 iwe 4 na 0 (0 ni chenyewe, si toleo jingine), 338, ya aina ya chombo, iwe "online resource", mada kwenye 650, kidato kwenye 521. Ongeza na nakala yenye hali ya "haiazimwi". Ukiruka hilo, Koha itaandika kwamba hakuna nakala, na mwanafunzi ataondoka akiamini hivyo.

Viungo hufa kwa sababu zinazojulikana, halafu lawama inapewa katalogi. Seva ikiachwa ipewe anwani yoyote na ruta, umeme ukikatika inaweza kuamka na anwani nyingine, na viungo vyote vya ndani vinakufa kwa mpigo. Ruta iagizwe kuitengea seva anwani moja ya kudumu, tena kabla ya kuandika 856 ya kwanza. Kiwix nayo ina mtego wake: jina la faili la ZIM (pakiti ya maudhui ya Kiwix) hubeba mwaka na mwezi, na jina hilo huingia kwenye kiungo. Ukileta faili jipya, kiungo cha zamani kimevunjika. Washa kiwix-serve (sehemu ya Kiwix inayogawa maudhui kwa kompyuta nyingine) kwa chaguo la --nodatealiases, kisha kwenye katalogi tumia jina lisilo na tarehe. Kwa viungo vya intaneti, Koha inakuja na skripti ya check-url-quick.pl, iendeshwe kila muhula unapofunguliwa, na vilivyokufa virekebishwe wiki hiyohiyo.

Hakuna Koha? Fungua Excel: jina, mwandishi, somo, kidato, mahali kilipo, tarehe ya kukaguliwa.

Hakuna anayetaka intaneti nzima iorodheshwe. Wikipedia ya Kiswahili ni rekodi moja, siyo rekodi kwa kila makala. PDF za vitabu vya watu zinazozunguka WhatsApp bila ruhusa zisiguswe kabisa. Anzeni na vitabu vya kiada vya TET, kisha hadithi za African Storybook zenye leseni huria kwa shule za msingi.

Anayepinga aweke hapa sababu ya kiufundi. Na maafisa elimu mnaosoma humu, mkifika shuleni msihesabu kompyuta tu: andikeni jina la mada moja kwenye katalogi, mwone kama seva mliyoizindua inatokea.