Naomba ushauri: aloi ya titani na alumini inanipasukia nikiifua

Wakuu, habari zenu. Niko Ujerumani nasoma uzamili, nafua kwa presi, yaani nagandamiza vikiwa vya moto, vipande vya aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo TNM: alumini asilimia 43.5 ya atomi, nyingine titani, pamoja na niobi, molibdeni na boroni kidogo. Napasha hadi nyuzi 1200, lakini kipande kikishagusa bamba la presi ambalo halijapashwa, kingo zinapasuka kama udongo mkavu. Kwenye hadubini, katikati ya kipande chembe za metali ni ndogo na zimelingana, inapendeza kweli. Karibu na uso, tabaka nyembamba za zamani, zilizokuwepo kabla ya kufua, zimepinda tu, hazijavunjika. Nahisi uso unapoa haraka mno. Je, kipande nikivalishe ganda la chuma cha pua, au nianze na kupasha bamba? Nisaidieni jamani, nimebakiwa na vipande vinne tu.